Je, Wajua? Masizi Ndani ya Injini ya Kale
Je, wajua ya kwamba Ford Model T, motokaa iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1908, ilikuwa na kichwa cha silinda kilichofungwa kwa bolti, hata fundi akaweza kukiondoa na kuyakwangua masizi pasina kuishusha injini nzima? Masizi hayo, ambayo ni mabaki ya petroli na oili, yakigandamana juu ya pistoni hupunguza nafasi ya hewa na kuhifadhi joto, hata petroli ikashika moto kabla ya wakati wake, injini ikagonga na nguvu zake zikadhoofika. Basi, ewe mwenye motokaa ya kale, yakwangue kwa kipande cha mti, wala si kwa chuma kikali, kwani pistoni zikiwa za aluminiamu huchubuka upesi.