Trekta haliwaki mpaka bisibisi? Badili swichi ya gia kabla mvua hazijaanza

Leo mbegu na mbolea tuziweke pembeni kidogo, tuongee chuma. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameanza ufundi, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Novemba mwaka jana nilipita kata ya Chakwale kuangalia maandalizi ya mashamba. Nikamkuta kijana mmoja anayelima mahindi na alizeti, na kwenye msimu anawalimia na wenzake kwa trekta lake, Massey Ferguson 290 la zamani. Alikuwa analiwasha kwa bisibisi. Anasimama chini, mbele ya tairi kubwa, anagusanisha vichwa vya stata, cheche zinaruka, injini inawaka.

Nikamuuliza, "Ufunguo umepotea?"

"Upo, bwana shamba, ila haupigi stata. Usiogope, msimu wa pili huu nawasha hivi."

Siku hiyo msaidizi wake alikuwa ameliacha trekta ndani ya gia. Lilipowaka tu likaondoka. Kijana akajitupa pembeni, tairi likapita pale pale alipokuwa amesimama, likang'oa uzio wa miti na kuzimika kwenye kichuguu. Hakuumia. Kandambili yake moja tuliichimbua kwenye udongo.

Kilichotaka kumuua ni swichi ndogo iliyokufa. Kesho yake tuliibadilisha pamoja na fundi wa pale Gairo, na spea yenyewe aliilipia chini ya pesa anayotoza kulima ekari moja.

Swichi hii inafanya nini?

Kwenye Massey nyingi za zamani kama 135, 165, 240, 265 na 290, kuna liva mbili: ya gia za kawaida, na ile ya kuchagua mwendo mkubwa au mdogo, hai na lo. Ukiwasha kwa ufunguo, umeme unapita kwanza kwenye swichi iliyofungwa juu ya mfuniko wa gia boksi, karibu na shina la liva, ndipo unafika kwenye solenoidi ya stata. Liva ya hai na lo ikiwa niutro, au fri kama tunavyosema, swichi inaruhusu umeme. Ikiwa ndani ya gia, inakata.

Bisibisi inairuka swichi hiyo. Na kumbuka, dizeli hizi za zamani zikishawaka hazihitaji umeme kuendelea kuunguruma. Hata ukikimbilia ufunguo ukauzima, trekta litaendelea kwenda mpaka mtu avute kizimio cha mafuta. Wewe uko chini, kizimio kiko juu.

Kwanza hakikisha ni swichi kweli

Usikimbilie dukani. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo kupiga stata.

Taa zikififia sana au ukasikia "tak tak tak", angalia betri, vichwa vya betri na waya wa ethi. Taa zikibaki kali na stata ikawa kimya kabisa, hapo shida inaweza kuwa ufunguo, waya, swichi ya gia au solenoidi.

Kaa kwenye kiti, kanyaga klachi, shika ufunguo kwenye stata huku ukitikisa liva ya hai na lo ikiwa niutro. Ikidaka mara moja moja, swichi imechoka au imekaa vibaya.

Sasa pima kwa taa ya kupimia au multimita. Weka liva zote niutro, vuta handibreki, weka mawe kwenye matairi, vuta kizimio cha mafuta, na chomoa waya mdogo wa solenoidi ili stata isizunguke. Mwenzako azungushe ufunguo, wewe pima waya mbili za swichi:

- Umeme haufiki kwenye swichi: tafuta kwenye ufunguo, fyuzi au waya.
- Unaingia lakini hautoki: swichi imekufa au haibonyezwi sawasawa.
- Unaingia na kutoka: swichi nzima, fuata waya mpaka solenoidi.

Jinsi ya kubadilisha

1. Chomoa kichwa cha negativu cha betri.

2. Safisha mfuniko wa gia boksi kwa brashi na dizeli, kisha futa. Usipuuze hili. Kwenye Massey hizi oili ya gia boksi ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua plau, kwa hiyo mchanga ukiingia kwenye tundu unaweza kuishia kwenye pampu ya haidroliki.

3. Chomoa waya mbili, fungua swichi kwa spana. Hesabu pete za bati zilizo chini yake na uzitunze. Ziba tundu kwa kitambaa safi kikubwa kisichoweza kutumbukia.

4. Nenda na swichi ya zamani dukani. Linganisha thredi, urefu wa kidude cha kubonyeza, na namna inavyofanya kazi. Zipo swichi zinazounga ukizibonyeza, na zipo zinazokata. Kwa macho zinafanana kabisa. Pima kwa multimita kabla ya kulipa, maana ukifunga aina isiyo yake, trekta litakataa kuwaka kwenye niutro na kukubali kwenye gia.

5. Rudisha pete zile zile, funga kwa mkono kwanza mpaka thredi zishike vizuri, halafu kaza kwa spana bila kutumia nguvu nyingi. Rudisha waya zote, ule wa solenoidi pia, kisha betri.

Pete zile ndizo zinazoamua kina cha swichi. Kwa aina inayounga ikibonyezwa, ikizama sana itaunga hata ukiwa kwenye gia. Punguza kina kwa kuongeza pete. Ikiwa juu sana haitaunga hata kwenye niutro. Toa pete moja ujaribu tena.

Jaribio ambalo mafundi wengi wanaliruka

Fundi akisikia stata imezunguka, anaomba hela yake. Wewe bado. Peleka trekta sehemu tambarare isiyo na watu, teremsha plau, PTO iwe nje, handibreki juu, kizimio cha mafuta kimevutwa. Ukiwa umekaa kwenye kiti na klachi umeikanyaga:

- Niutro: stata lazima izunguke.
- Hai: stata lazima ikae kimya.
- Lo: stata lazima ikae kimya.

Ikizunguka kwenye hai au lo, kazi haijaisha, hata kama trekta linawaka vizuri.

Na ile ya "piga dairekti"?

Utaambiwa uunganishe waya mbili za swichi moja kwa moja, umalize. Trekta litawaka kwa ufunguo, kweli. Lakini litawaka pia kwenye gia, na wewe utakuwa umesahau. Dereva mpya au mdogo wako anayejifunza hatajua kabisa kwamba kinga haipo. Ukinunua trekta lililotumika, fanya jaribio la hapo juu kabla ya kutoa hela, kwa sababu mengi yameshapigwa dairekti na mwenye nalo wa zamani hatakwambia.

Najua presha ya Desemba. Mvua ya kwanza ikipiga, kila mtu anataka kulimiwa leo, na siku moja ya trekta kusimama unaiona kama gunia limepotea njiani kwenda soko la Kibaigwa. Ndiyo maana nasema fanya sasa, Septemba au Oktoba, udongo ukiwa mkavu na fundi ana nafasi.

Yule kijana wa Chakwale bisibisi yake bado anayo. Anakazia skrubu za boksi la betri. Kuwasha, anapanda juu, anakaa, anakanyaga klachi, anazungusha ufunguo. Na wewe fanya hivyo.

Kazi njema, tukutane shambani.