Barua Baina ya Boma na Baraza

Apitaye leo Ubaruku, akayaona majaruba ya mpunga yalivyoenea, ni taabu kwake kudhani ya kuwa bonde hili la Usangu liliwahi kutajwa serikalini kwa mikuki zaidi kuliko kwa mchele. Kwani katika miaka ya 1890, Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakipigana na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walimtaka Merere, mtawala wa Wasangu, awape jeshi, naye akaridhia, maana Wahehe ndio waliowatoa watu wake katika makao yao makuu ya Utengule. Mapatano ya namna hiyo hayakuhitaji karatasi nyingi.

Karatasi zilikuja na Waingereza, ambao kwa sheria ya mwaka 1926 waliwafanya watawala wa jadi kuwa kiungo cha serikali, wenye baraza, hazina na karani. Na vita vilipozuka mwaka 1939, amri ya kutafuta askari ilishuka kwa ngazi hiyo hiyo: boma, yaani ofisi ya mkuu wa wilaya (D.C.), likamwandikia chifu, chifu akawaagiza majumbe, jumbe akasimama mbele ya watu akataja hesabu inayotakiwa. Takriban watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wengi katika Keya, yaani King's African Rifles, wakafika Uhabeshi, Bukini (Madagaska) na Burma.

Msomaji wa leo asitarajie kuikuta katika barua hizo hoja iliyonyooka. Barua ya boma ilikuwa kavu: watu kadha, wenye afya, siku fulani. Jibu lilianza kwa salamu na heshima, likashukuru, likaeleza mvua, na kukataa kwake, kukiwapo, kulikaa chini kabisa, kumevikwa udhuru: vijana wamekwenda kuchimba dhahabu Lupa, au mavuno hayajaingia ghalani. Mimi huzisoma barua za namna hii kuanzia mkiani. Wala udhuru haukuwa uvivu, kwa sababu Wajapani walipoziteka nchi za mashariki mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ulipanda thamani ghafla na serikali ikaanza kuwachukua watu kwa nguvu mashambani, hata mtu aliyeitwa barazani alitaka kwanza kujua kama anaitwa kuwa askari au manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge.

Barua zilizorudi kutoka vitani ni hazina nyingine. Askari, ambaye pengine hakujua kuandika, alimwambia mwenzake, mwenzake akaandika kwa Kiswahili, afisa akaipitisha, na mkaguzi akafuta jina la mahali. Ndiyo maana twasoma tu kwamba fulani yuko mbali, ng'ambo ya bahari, mzima, na mara hiyo hiyo anamwomba bwana D.C. amwangalilie ng'ombe zake, au aulize kwa nini mkewe hajapata fedha. Sehemu ya mshahara iliachwa nyumbani, na mwanamke aliyekwenda kuipokea aliweka kidole gumba katika wino, kisha juu ya karatasi, mbele ya karani ambaye huenda aliandika jina la mumewe kwa namna isiyolingana na daftari la jeshi. Kosa la herufi moja liliweza kuzuia fedha za miezi, na hapo barua nyingine ikaanza safari yake, kutoka barazani hadi bomani, bomani hadi jeshini, na kurudi.

Kisha kulikuwa na barua za msiba. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji, wakafa watu karibu 1,300, na miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa kifo kama hicho serikali ilikuwa na fedha za marehemu mkononi, lakini haikujua mrithi ni nani kwa mila ya kwao. Hivyo boma, lililokuwa likitaja hesabu ya watu, lilimwandikia chifu kuuliza apewe nani, baba, mjane au ndugu, na jibu lilikuja refu, likieleza ni ng'ombe wangapi wa mahari waliokwisha kulipwa, na wangapi bado.