Dhahabu Futi Ngapi Chini?

Kila nikitaja kwamba kazi yangu ni kamera za spektra, swali ni lile lile: hiyo mashine inaona dhahabu futi ngapi chini? Jibu ni sifuri. Si futi tatu, si "inategemea udongo", si "ile ya Mjerumani ndiyo inafika". Sifuri.

Najua swali hilo linakotoka. Kuna watu wanaozunguka machimboni wakikodisha visanduku vyenye skrini, na siku hizi wamepata msamiati mpya: eti ndani mna kichujio cha fuwele kioevu kinachorekebishwa kwa umeme mpaka kinase "mawimbi ya dhahabu". Kichujio hicho kipo kweli. Mawimbi hayo hayapo.

Babu wa kichujio hiki ni kifaa alichokibuni mwanaastronomia Mfaransa Bernard Lyot katika miaka ya 1930 ili alitazame Jua kwa rangi moja tu kwa wakati. Alipanga bapa za kwatsi kati ya vioo vya polaraizi, kila bapa likiwa nene maradufu ya lililotangulia, na nuru iliyofika upande wa pili ikawa mkanda mwembamba tu wa rangi. Warithi wake wakaongeza fuwele kioevu, maada ile ile ya skrini za LCD. Ukibadilisha volti, molekuli zinageuka na mkanda unahama, tuseme kutoka nanometa 970 hadi 1,450, bila kipande chochote kusogea. Ni kifaa kizuri mno. Lakini ni kichujio, na kazi ya kichujio ni kukataa. Nusu ya nuru ya kawaida hupotea kwenye polaraizi ya kwanza kabla shughuli haijaanza. Hakitumi kitu ardhini. Nuru isipotoka ndani ya udongo, hakina cha kuchuja.

Na haitoki. Nuru ya mkanda huo ni infraredi, isiyoonekana kwa macho, na ikigonga mwamba au udongo hupenya sehemu ndogo ya milimita, kisha inamezwa au inarudi. Usiniamini mimi, chukua rimoti ya TV, ambayo nayo hutumia infraredi, ifunge kwenye mfuko mwembamba unaopitisha nuru, ifukie sentimita mbili ndani ya ndoo ya udongo, halafu ujaribu kubadilisha chaneli. Sasa niambie kuhusu futi tatu.

Nitajibiwa kuwa simu fulani iliwahi kuona ndani ya plastiki. Ni kweli: mwaka 2020 kamera moja ya OnePlus 8 Pro ilionyesha vitu vilivyo nyuma ya baadhi ya plastiki nyeusi nyembamba, na kampuni ikachukua hatua kuudhibiti uwezo huo. Plastiki hizo ni nyeusi kwa macho yetu tu, infraredi inazipita. Udongo wa machimbo ya Geita si plastiki.

Tuseme basi dhahabu imelala juu, imeoshwa, inang'aa. Bado mashine haina la kusema. Madini hutambulika kwa spektra pale yanapomeza urefu fulani wa mawimbi na kuacha pengo. Dhahabu safi haiachi pengo lolote kwenye infraredi: inarudisha karibu yote, kote sawasawa. Ndiyo maana vioo vya darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, vilipakwa dhahabu.

"Mbona wanajiolojia wanatumia satelaiti?" Wanatumia, ila hawatafuti dhahabu. Wanatafuta udongo wa mfinyanzi na maika vilivyozaliwa pale maji ya moto yalipopita kwenye mwamba, ambavyo pengo lake liko karibu na nanometa 2,200. Cuprite, Nevada, ndilo darasa lao mashuhuri: jangwa, mwamba uko wazi, hakuna nyasi wala mihogo. Na vichujio vya fuwele kioevu vya infraredi vinavyouzwa kwa kawaida huishia karibu na 1,800, huku sensa za indiamu-galiamu-arsenaidi zinazofungwa navyo zikichoka mnamo 1,700. Yaani hata huo udongo wa mfinyanzi kisanduku hakiuoni.

Mnataka dhahabu? Anzeni na ramani za jiolojia za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Chukueni sampuli za udongo kwa mistari iliyopimwa, muandike kila moja ilikotoka, mzipeleke maabara. Palipo na dalili chimbeni mtaro. Mkiwa na mtaji, chorongeni. Ditekta ya metali inafaa kwa vipande vilivyo karibu na uso wa ardhi, basi. Anayekodisha kisanduku mwambieni alipwe baada ya majibu ya maabara.

Na aliyekwisha kununua kamera halisi yenye kichujio hiki asiitupe. Aipeleke kwenye ghala la matunda: maji humeza nuru karibu na nanometa 970 na 1,450, na embe lililobonyea huonekana kabla ganda halijabadilika rangi. Kwa 970 kamera ya kawaida ya silikoni inatosha ikiondolewa kioo chake cha kuzuia infraredi. Kwa 1,450 haitoshi. Embe litulie mezani, kwani mikanda hupigwa mmoja baada ya mwingine na likisogea picha hazilingani. Kwa droni, ambayo haitulii, tafuta kamera ya aina nyingine.