Kedowa na Budapest: Reli Mbili za Rika Moja

Mwaka 1896 zilianza reli mbili ambazo ni nadra kutajwa kwa pamoja. Mwezi Mei wa mwaka huo jiji la Budapest, mji mkuu wa Hungaria, lilifungua reli ya kupita chini ya ardhi, ya kwanza katika Ulaya bara, miaka 33 baada ya ile ya London. Na mwaka huohuo, Mombasa, kazi ya Reli ya Uganda ilianza, ambayo Desemba 1901 ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria baada ya kupanda nyanda za juu za Mau na kuteremka kupitia Londiani na Lumbwa, mji ambao sasa unaitwa Kipkelion. Ya kwanza bado hubeba abiria mchana kutwa, kila baada ya dakika chache. Ya pili inapita katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, lakini mkazi wa Kedowa, mji mdogo wa kaunti hiyo, anayekwenda Kericho mjini, Londiani au Nakuru haihesabu kabisa katika safari yake, wala hana sababu ya kuihesabu.

Tofauti hii haitokani na umri wa vyuma, kwa kuwa reli zote mbili ni za rika moja, bali na kusudi la waliozijenga. Ile ya Budapest, yenye urefu usiofika kilomita tano, ilichimbwa kina kifupi chini ya barabara pana ya Andrássy ili kuwatoa watu katikati ya jiji na kuwafikisha kwenye bustani kuu, ambako Wahungaria walikuwa wakiadhimisha miaka 1,000 tangu mababu zao waingie nchini humo. Vituo vyake vimekaribiana kiasi kwamba kijana mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine bila kuchoka, na abiria, akishagonga tiketi yake katika mashine ndogo mlangoni, yaani akishaitia alama ya kuonyesha kwamba imeanza kutumika, hupanda bila kuulizwa neno, ingawa mkaguzi anaweza kumtokea wakati wowote na kumtoza faini akimkuta hana tiketi iliyogongwa. Mwaka 2002 reli hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, heshima ambayo kwa kawaida hupewa vitu vilivyokwisha kustaafu.

Reli ya Uganda ilikuwa na shabaha ya mbali zaidi, nayo ni ziwa, na ng'ambo ya ziwa, Uganda. Kuvuka mabonde ya magharibi mwa Bonde la Ufa kulihitaji madaraja 27 ya chuma yenye nguzo ndefu, kazi iliyopewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, na stesheni ziliwekwa kwa kufuata mahitaji ya gari-moshi, yaani maji na kuni, na ya mashamba ya walowezi, kuliko ya watu waliokuwa wakiishi pale. Kwa miaka mingi Londiani ilikuwa mlango wa kuingilia eneo la Uasin Gishu, ambapo mizigo ilishushwa na kupakiwa kwenye mikokoteni ya maksai, mpaka njia mpya ya reli kutoka Nakuru ilipofika Eldoret, mji wa eneo hilo, mwaka 1924 na kuipokonya nafasi hiyo. Mji wa Kericho wenyewe, ambako makampuni ya chai yalianza kupanda mashamba makubwa miaka ya 1920, haukupata reli hata siku moja. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu, iliyokuwa imekoma kwa takriban muongo mmoja, ilirudishwa Desemba 2021, lakini ilirudi kama treni ya safari ndefu ya mwisho wa wiki, na hiyo haimfai mama anayepeleka maziwa asubuhi au mwanafunzi anayewahi shule.

Pengo hilo lilizibwa na matatu. Mwaka 1973, mwaka uleule ambao Budapest iliirefusha reli yake ya zamani, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari madogo ya watu binafsi kubeba abiria wa kulipa bila leseni maalumu, na uamuzi huo, ambao kwa haki unaweza kuitwa sera kubwa kuliko zote za usafiri wa Kenya, ndio uliofungua barabara ya kutoka Mau Summit hadi Kericho kwa wenye magari. Kedowa iko juu ya barabara hiyo, kati ya Londiani Junction na Chepseon, na usafiri wake una kanuni ambazo hazikuandikwa popote ila kila mtu anazijua. Gari huondoka likijaa, si saa ikifika. Kondakta, akiwa amekunja noti kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, hugonga bodi mara moja dereva asimame na mara mbili aendelee. Dereva anayekuja humwashia taa mwenzake kumjulisha kwamba mbele kuna polisi. Nauli hupanda mvua ikinyesha, jioni ikiingia na shule zikifunguliwa. Na abiria anayepanda gari la kwenda Kericho akitokea Nakuru anaweza kudaiwa nauli ya hadi mwisho hata kama anashukia njiani. Anayekwenda ndani ndani, kwenye mashamba ya chai na viazi, hupanda bodaboda au Probox, gari dogo la kubebea mizigo lenye viti vya watu watano ambalo huku hubeba saba, wanane na kuku wao.

Ingekuwa kosa kuudharau mpangilio huu, kwa sababu unafika pale ambapo hakuna reli wala basi la serikali lililowahi kufika, tena kwa gari linalosimama popote mkono unapoinuliwa. Kanuni alizoziweka waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 1, 2004, zilileta mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni mwa gari na kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachozuia gari kupita kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo zililigusa gari lenyewe. Mahali ambapo gari linasimama hapakuguswa. Katika sehemu nyingi za barabara hii steji, yaani kituo cha matatu, ni ukingo wa lami tu, na ukingo huohuo ni soko la mboga, maegesho ya bodaboda na njia ya malori ya masafa marefu. Jioni ya Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori lililopoteza mwelekeo liliyavamia magari ya abiria, bodaboda na wachuuzi, na watu wasiopungua 52 wakafa.

Budapest haina siri ya kuwafundisha watu wa Kedowa kuhusu kupanda gari, na treni za chini ya ardhi hazihitajiki mahali ambapo watu wengi wanaishi kwenye mashamba yao. Kinachoweza kuigwa ni kidogo na cha bei nafuu: kituo kilichotengwa na barabara, chenye paa, na bango la nauli ambalo kondakta hawezi kulibadilisha mawingu yakitanda. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, na serikali ya kaunti ya Kericho zianze na maegesho ya kuingilia kando ya lami katika kila kituo kutoka Mau Summit hadi Kericho mjini, na soko lipewe kiwanja chake, mbali na malori.