Nisba na Nasaba: Kufuatilia Jina la Ukoo wa Wamazrui katika Kumbukumbu za Zamani za Pwani

1.0 Utangulizi

Mtu atakaye kujua asili ya ukoo wake katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki aghalabu huanza kwa kulitafuta jina la ukoo huo katika daftari za zamani. Njia hiyo hufaa pale ambapo jina la ukoo ni neno moja lisilobadilika, ambalo mtoto hulirithi kwa baba na makarani huliandika vilevile kizazi baada ya kizazi. Katika upwa wa Waswahili mambo hayakuwa hivyo. Mtu alitajwa kwa jina lake, kisha la baba yake, na pengine la babu yake. Nisba iliongezwa ilipohitajika, na iliachwa pale ambapo kila msikilizaji alimjua anayetajwa.

Makala hii inaeleza namna jina la ukoo linavyoweza kufuatiliwa katika mazingira hayo. Mfano unaotumika ni wa Wamazrui wa Mombasa, Takaungu na Gasi, kwa kuwa kumbukumbu zao ni nyingi na za aina mbalimbali. Hoja kuu ni kwamba nisba inayoonekana katika hati ni dai la uhusiano, lililotolewa mahali fulani, mbele ya mtu fulani, kwa haja fulani. Peke yake haitoshi kuthibitisha nasaba. Jambo hili lina uzito katika maisha ya watu, kwa maana mirathi, wakfu na haki za ardhi zimeamuliwa mara nyingi kwa kutazama jina lililoandikwa.

2.0 Muundo wa jina la Mswahili

Jina kamili la mtu wa pwani lilikuwa na sehemu kadhaa: jina alilopewa alipozaliwa, mfululizo wa majina ya baba na mababu yaliyounganishwa kwa neno bin au binti, jina la heshima kama vile Mwinyi, Bwana, Mwana au Sharifu, lakabu, na hatimaye nisba. Nisba yaweza kutokana na mzee wa ukoo au kabila, kama vile al-Busaidi, au mahali, kama vile al-Barawi, yaani mtu wa Barawa.

Watu wa Mombasa walikuwa pia na mfumo mwingine wa kutambulishana. Wenyeji walijigawa katika Thenashara Taifa: Taifa Tisa, ambao ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa, pamoja na Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Mtu mmoja aliweza kutajwa kwa taifa lake katika shauri la mji, na kwa nisba yake katika shauri la ndoa au mirathi. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840, anajulikana na wengi kwa jina lake na la baba yake tu. Diwani yake iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940 inamwita al-Ghassaniy. Anayelitafuta jina moja tu kati ya hayo atalikosa jingine.

Tatizo lilizidi pale karani wa Kizungu alipotaka jina la mwisho. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi mkubwa wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alijulikana huko Ujerumani kwa jina la Mtoro Bakari. Jina la baba likageuka kana kwamba ni la ukoo, na neno Mwinyi, lililoonyesha hadhi ya baba huyo, likatoweka.

3.0 Aina za kumbukumbu na mipaka yake

3.1 Tarehe za miji na za koo

Kundi la kwanza ni tarehe, yaani masimulizi ya kihistoria yaliyoandikwa. Tarehe ya Kilwa imehifadhiwa katika nakala ya Kiarabu na katika muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552, na nakala hizo mbili hazikubaliani katika kila jina. Tarehe ya Pate ina matoleo kadhaa, likiwemo lile la Stigand la mwaka 1913. Mengi yake yanarejea kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, na bado yanatofautiana. Kuhusu Wamazrui, kazi muhimu ni ile iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwandishi huyo alikuwa mtu wa ukoo wenyewe, hivyo alizifikia habari ambazo mgeni asingezipata. Hata hivyo, tarehe za aina hii huwafuata zaidi watawala. Matawi yasiyotawala hutajwa kwa uchache, na wanawake kwa uchache zaidi.

3.2 Hati za kadhi, wakfu na makaburi

Kundi la pili ni hati za mauzo, rehani, ndoa, usia na wakfu, pamoja na maandishi ya makaburini. Thamani ya wakfu na usia ni kwamba hutaja jamaa ambao nasaba huwaacha: mabinti, wake, na hata watumishi walioachwa huru. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na bwana ni huru na hubeba nasaba ya baba yake kikamilifu. Kwa hiyo mfululizo wa bin na bin hauonyeshi kamwe kama mama alikuwa muungwana au suria. Habari za upande wa mama hazina budi kutafutwa katika hati hizi.

Usomaji wake unahitaji tahadhari mbili. Kwanza, katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi ba iliweza kusimamia sauti b, p, mb au mp, na fa iliweza kusimamia f au v. Alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Jina la Kibantu lililoandikwa hivyo laweza kusomwa kwa namna nyingi. Pili, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku zipatazo 11, kiasi kwamba miaka 33 ya Hijria ni sawa na takriban miaka 32 ya Kizungu. Mwaka 1300 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 na kwisha mwaka 1883. Siku nayo huanza jua linapokuchwa; usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya Kizungu ingeuita Alhamisi usiku.

3.3 Daftari za serikali na za misheni

Kundi la tatu lilianza kukua katika nusu ya pili ya karne ya 19: barua za balozi wa Kiingereza Unguja, daftari za watumwa walioachwa huru, daftari za ubatizo, na kumbukumbu za ardhi. Sehemu kubwa imo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar na za Kenya, na kumbukumbu za misheni ya CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Hapa jina Mazrui huonekana kwa tahajia nyingi, na wakati mwingine kwa wingi wake wa Kiarabu, Mazari'a. Vivyo hivyo al-Harthi huandikwa Hirth pale ukoo mzima unapotajwa. Mtafiti asiyejua wingi huo atapita juu ya jina analolitafuta bila kulitambua.

4.0 Mfano: Mbaruk wawili na Rashid wawili

Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, walitawala Mombasa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji na viongozi wao wakakamatwa. Waliosalia walijikusanya katika makao mawili: Takaungu upande wa kaskazini na Gasi upande wa kusini.

Katika barua za miaka ya 1895 na 1896, wakati wa vita kati ya sehemu ya ukoo huo na Waingereza, linatajwa mara kwa mara jina la Mbaruk bin Rashid, likiandikwa pia Mubarak na Mbarak. Nisba mara nyingi haipo. Mahali pake pana jina la mji. Kwa hakika walikuwapo watu wawili wenye jina hilo. Mmoja ni Mbaruk wa Gasi, aliyekwisha kupambana na masultani wa Zanzibar kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, na ambaye mwaka 1896 alivuka mpaka na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Mwingine ni Mbaruk wa Takaungu, kijana aliyedai uongozi wa mji huo baada ya kifo cha Salim bin Khamis mwaka 1895. Waingereza walimtambua mtoto wa marehemu, Rashid bin Salim, na mgogoro huo ndio uliowasha vita.

Jina hilo la mwisho linaleta mtego wa pili. Baba wa Mbaruk wa Gasi naye aliitwa Rashid bin Salim: ndiye liwali wa mwisho wa Kimazrui aliyeangushwa Mombasa mwaka 1837. Mtu anayekusanya majina bila kutazama tarehe na mahali anaweza kumwona Rashid bin Salim wa Takaungu katika barua ya 1895, akamwona Mbaruk bin Rashid bin Salim katika hati nyingine, na kuwafanya baba na mwana. Ukweli ni kwamba Mbaruk wa Gasi alikuwa mzee mwenye historia ndefu ya vita kabla ya Rashid huyo kushika madaraka.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni desturi yenyewe. Mtoto hupewa jina la babu yake, hivyo majina machache huzunguka katika ukoo mmoja. Nisba haisaidii hapa, kwa kuwa wote ni al-Mazrui. Kinachowatenganisha ni jina la babu, mahali na wakati: Mbaruk bin Rashid bin Salim ni wa Gasi, na Mbaruk bin Rashid bin Khamis ni wa Takaungu.

5.0 Nisba na waliokuwa watumwa

Ugumu mkubwa zaidi unahusu watu ambao nasaba yao ilikatwa kwa nguvu. Mashamba ya Takaungu na Gasi yalilimwa na watumwa wengi, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Unguja na Pemba ilifutwa mwaka 1897. Mtumwa alipewa jina jipya, mathalani Mabruki, Feruzi au Baraka, na katika hati alitambulishwa kwa bwana wake pale ambapo muungwana angetambulishwa kwa baba yake. Baada ya uhuru, baadhi yao au watoto wao walijulikana kwa nisba ya mabwana hao.

Haifai kuiita nisba ya namna hiyo uongo. Katika fiqhi ya Kishafii, kumwacha mtu huru huzaa uhusiano uitwao walaa, ambao kwao aliyemwacha huru anaweza kumrithi huyo aliyeachwa ikiwa hana warithi wa nasaba. Nisba ilieleza uhusiano uliotambuliwa na sheria. Isomwapo kama ushahidi wa damu, inapotosha. Ipuuzwapo, inamnyima mtafiti uzi pekee unaoweza kumfikisha kwenye hati za bwana, ambamo huenda jina la mtumwa, kabila lake au mahali alikonunuliwa pametajwa.

Misheni zilileta njia nyingine. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walionusuriwa kutoka majahazi ya watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na katika misheni nyingine walipewa uhuru, mabwana zao wakalipwa fidia. Wengi walibatizwa kwa majina mapya. Kasisi William Jones, aliyehudumu Rabai, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kusomeshwa India. Jina Jones halimfikishi mtafiti kwa Wayao. Kinachomfikisha ni barua na ripoti za misheni.

Matokeo ya tofauti hizi yalionekana wazi chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye madai ya ardhi ya pwani ya Kenya wayawasilishe mbele ya msajili. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wenye hati za kadhi na nasaba iliyoandikwa walikuwa na cha kuonyesha. Waliolima kwa idhini ya mdomo, wakiwemo watumwa wa zamani na majirani wa Kimijikenda, hawakuwa nacho. Tatizo la maskwota wa pwani lina mzizi wake mmojawapo hapo.

6.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo, mtafiti anashauriwa kuanza na walio hai na kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, badala ya kuanza na shujaa wa tarehe na kushuka. Kila mtu aandikwe kwa jina lake, la baba, la babu, la mama likipatikana, mahali, na mwaka kwa kalenda zote mbili. Tahajia ya hati ihifadhiwe kama ilivyo, na usomaji wa mtafiti uwekwe kando yake. Kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kitafutiwe ushahidi wa aina mbili tofauti, kwa mfano usia na barua ya serikali. Nakala mbili za simulizi moja zihesabiwe kuwa ushahidi mmoja. Pale kiungo kinapokosekana, pengo liachwe wazi.

Aidha, hati inapofichua utumwa wa mtu, wajukuu wake ndio wenye haki ya kwanza ya kuijua habari hiyo. Kuitangaza mbele ya wengine bila ridhaa yao kunaweza kuharibu ndoa, heshima na madai yao ya mali.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba nisba hueleza mahali pa mtu katika jamii wakati hati ilipoandikwa, na kwamba mahali hapo paliweza kutokana na kuzaliwa, na pengine kutokana na walaa au hitaji la karani. Nasaba hujengwa kwa kulinganisha hati, si kwa kuhesabu majina yanayofanana. Kazi hiyo inahitaji wasomi wanaoweza kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pamoja na mwandiko wa makadhi, na idara za Kiswahili zina nafasi ya kuwaandaa. Hati nyingi bado zimo katika masanduku ya nyumbani, ambako mchwa na unyevu wa pwani huzila kila mwaka.