VISIWA NDANI YA KONGOSHO

Kila mwaka, tufikapo katika habari za insulini katika somo la Biolojia, haikosi mwanafunzi mmoja kuuliza: ikiwa mgonjwa wa sukari anaumwa kwa sababu kongosho lake halitoi insulini, mbona madaktari hawampi kongosho jingine, au japo kipande chake? Swali hili ni zuri, wala si jipya. Wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 130. Jibu lake fupi ni kwamba jambo hilo limekwisha kufanyika, na wako wagonjwa walioacha sindano kwa sababu yake. Lakini jibu fupi lina hatari. Yeye alisikiaye hilo peke yake aweza kudhani kwamba ugonjwa umepata dawa, akaitupa chupa yake ya insulini, akafa. Kwa hiyo tumeona heri tulieleze jibu refu.

Kwa ajili ya wazazi wetu ambao hawamo darasani, yafaa tuanze na kongosho lenyewe. Ni kiungo kirefu na laini, kilicholala nyuma ya mfuko wa tumbo. Aliyewahi kusaidia kuchinja mbuzi nyumbani amekiona, ingawa labda hakukitazama sana. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusaga chakula, yaendayo katika utumbo. Basi mwaka 1869 huko Berlin, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Paul Langerhans, kijana wa miaka 21, alikuwa akitazama kongosho kwa hadubini akaona vikundi vidogo vya seli zisizofanana na jirani zake, vimetawanyika humo kama visiwa baharini. Hakujua vina kazi gani, naye alisema hivyo waziwazi. (Umri wake tumeutaja makusudi, kwa ajili ya wale wasemao kwamba mwanafunzi hana la kuvumbua.) Baada ya miaka mingi vikaitwa visiwa vya Langerhans. Mtu mzima ana visiwa kama milioni moja, na vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 au 2 tu ya uzito wa kongosho.

Ndani ya visiwa hivyo mna seli ziitwazo beta. Hizo ndizo zipimazo sukari katika damu, ikipanda humwaga insulini, ili sukari itoke katika damu na kuingia katika misuli na sehemu nyingine za mwili, ikishuka, hupunguza. Kazi hii yaendelea mchana na usiku, mtu akila au akilala, bila yeye kujua. Katika ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, ambao mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huzigeukia seli za beta kana kwamba ni adui, ikaziangamiza. Aina ya pili, ipatayo zaidi watu wazima, ni jambo jingine, kwa kuwa humo insulini yaweza kuwapo lakini mwili hauitii ipasavyo. Habari yetu ya leo ni ya aina ya kwanza.

Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake lote, na mbwa yule akapata ugonjwa wa sukari. Tangu hapo ilijulikana chanzo kitafutwe wapi. Haikupita miaka mingi, mwezi wa Desemba 1893, madaktari wa Bristol, Uingereza, wakamwekea kijana wa miaka 15 vipande vya kongosho la kondoo chini ya ngozi. Kijana alikuwa katika hali ya kufa, wala hawakuwa na dawa nyingine ya kumpa. Alifariki baada ya siku tatu. Kisha huko Toronto, Kanada, mwezi wa Januari 1922, Leonard Thompson, mwenye miaka 14, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama, naye akapata nafuu. Kwa kuwa sindano ilifaa, haja ya kuhamisha kongosho ilionekana kwisha.

Lakini haikwisha. Sindano haina macho. Insulini ikishaingia mwilini hufanya kazi yake, sukari iwe nyingi au kidogo. Mtu akijidunga kisha akakosa chakula, au akacheza mpira kwa nguvu kuliko alivyozoea, sukari yake yaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, maneno yake yatachanganyika. (Mwanafunzi mwenzako mwenye ugonjwa huu akiwa hivyo, na bado aweza kumeza, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari upesi, ndipo umwite mwalimu. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.) Tena wako wagonjwa ambao, baada ya miaka mingi, mwili wao huacha kutoa onyo. Hawatetemeki, hawatoki jasho. Wanaanguka tu, pengine barabarani, pengine usingizini. Hao ndio hasa waliowafanya madaktari walirudie swali la visiwa.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kuvitoa visiwa bila kuviharibu, maana vimefungwa ndani ya nyama ya kongosho kwa nyuzi ngumu. Mwaka 1967 Paul Lacy na mwenzake, huko St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kiyeyushacho nyuzi hizo chaweza kuvifungua visiwa vya panya vikiwa hai. Mwaka 1972 visiwa vilivyotolewa hivyo vilipandikizwa katika panya wenye ugonjwa wa sukari, vikafanya kazi. Kongosho la mtu ni kubwa na gumu zaidi. Chombo cha kulitikisa na kuliyeyusha polepole, alichokibuni Camillo Ricordi na kukitangaza mwaka 1988, ndicho kilichoiwezesha kazi hiyo.

Siku hizi mambo huenda hivi. Mtu amefariki, na ridhaa ya kutoa viungo vyake imepatikana. Kongosho lake hutolewa upesi, likahifadhiwa katika baridi, likapelekwa maabara. Humo hutiwa kimeng'enya, hutikiswa, kisha visiwa hutengwa kwa mashine izungukayo kwa kasi, kwa kuwa uzito wao kwa ujazo si sawa na wa seli nyingine. Baada ya kazi ya saa nyingi za wataalamu, kinachobaki hakizidi vijiko vichache vya chai. Visiwa hutiwa katika mfuko wa maji ya dawa, navyo huteremka polepole kwa njia ya mrija mwembamba, uliopitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi katika mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini. Kwa kawaida tumbo halipasuliwi.

Msomaji atashangaa: mbona ini, na si kongosho? Kongosho ni kiungo chenye hasira. Likichokozwa, yale maji yake ya kusaga chakula yaweza kuanza kulisaga lenyewe. Ini hupokea wageni kwa upole zaidi, tena insulini ya kawaida hupita huko kwanza kabla ya kuenea mwilini. Visiwa hukwama katika mishipa midogo ya ini, na baada ya majuma kadhaa mishipa mipya ya damu huota kuvilisha. Hata hivyo vingi hufa katika siku za kwanza, na ndiyo maana mgonjwa mmoja mara nyingi huhitaji visiwa vya makongosho mawili au zaidi.

Ugumu wa pili ndio mkubwa. Tangu mwaka 1977, huko Minnesota, Marekani, wako wagonjwa waliotolewa kongosho zima kwa sababu ya maumivu yasiyovumilika, kisha visiwa vyao wenyewe vikatolewa humo na kurudishwa katika miili yao. Hao hawahitaji dawa za kuzuia kinga, maana mwili hauwakatai watoto wake. Lakini visiwa vya mtu mwingine ni wageni, na kinga ya mwili huwawinda wageni. Tena kwa mgonjwa wa aina ya kwanza uadui huo ni wa namna mbili: kinga yake huvichukia kwa sababu ni vya mtu mwingine, na pia kwa sababu vina seli za beta, zile zile ilizokwisha kuziua zamani. Bila kuipumbaza kinga, visiwa haviwezi kuishi.

Dawa za kuipumbaza zilikuwapo, lakini baadhi yake, hasa zile za jamii ya steroidi, zenyewe hupandisha sukari. Ndipo mwaka 2000, huko Edmonton, Kanada, Dakta James Shapiro na wenzake walipotangaza kwamba wameziacha dawa hizo, wakatumia nyingine, na kuongeza idadi ya visiwa. Wagonjwa wao walikuwa 7, na wote 7 waliacha kujidunga insulini. Habari hizo zilienea duniani kote, na si ajabu kwamba wengi walidhani safari imekwisha.

Jaribio kubwa zaidi, lililofanyika katika hospitali kadhaa za Marekani, Kanada na Ulaya, lilitangazwa mwaka 2006. Kati ya wagonjwa 36, waliokuwa hawajidungi mwaka mmoja baada ya kumaliza kupandikizwa ni 16, na kati ya hao ni 5 tu walioendelea hivyo hadi mwaka wa pili. Wako waliosema kwamba jambo lote limeshindikana. Kwa maoni yetu hawakutazama vizuri. Wengi wa wale waliorudia sindano walikuwa bado wana visiwa vinavyotoa insulini kidogo, na kidogo hicho kilitosha kuwaepusha na kule kuanguka ghafla. Mtu aliyekuwa akiogopa kulala usiku peke yake, akaacha kuogopa, hawezi kuhesabiwa kuwa hakupata kitu.

Lakini bei yake ni kubwa, wala hatusemi fedha tu. Dawa za kuzuia kinga yapasa kunywewa muda wote visiwa vinapofanya kazi. Mwenye kuzitumia hushikwa kwa urahisi na maradhi ya kuambukiza. Vidonda vya kinywani ni kawaida. Figo zaweza kudhurika, na hatari ya saratani za namna fulani huongezeka. Basi mzazi ambaye mtoto wake anajidunga kila siku asidhani kwamba mtoto amenyimwa kitu chema. Kwa mtoto ambaye insulini yamfaa, kumwondolea sindano na kumpa dawa hizo ni kumtoa katika mvua na kumtia mtoni. Kwa yule aangukaye mara kwa mara bila onyo, hesabu ni nyingine. Mwezi wa Juni 2023, serikali ya Marekani iliporuhusu matibabu ya visiwa yaitwayo Lantidra, iliyaruhusu kwa watu wazima wa namna hiyo tu. Kati ya watu 30 waliojaribiwa, 21 walikaa bila insulini kwa mwaka mmoja au zaidi, na 10 kati ya hao zaidi ya miaka mitano. Lakini 5 hawakupata hata siku moja bila sindano.

Wafadhili wa makongosho ni wachache, nao hawatatosha kamwe. Kwa hiyo wataalamu wamegeukia kuvikuza visiwa maabarani kutokana na seli changa ambazo zaweza kufanywa seli za aina yoyote. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kati ya wagonjwa 12 waliopandikizwa visiwa vya namna hiyo kwa kipimo kamili, 10 walikuwa hawajidungi baada ya mwaka mmoja, ingawa dawa za kuzuia kinga walizitumia. Mwaka huo huo, huko Uppsala, Sweden, wataalamu walitangaza jambo jingine. Walichukua visiwa vya mfadhili, wakazibadili jeni za seli zake ili kinga isizitambue kuwa ni wageni, wakazidunga katika misuli ya mkono wa mgonjwa mmoja, wala hawakumpa dawa yoyote ya kuzuia kinga. Baada ya majuma kumi na mawili zilikuwa hai, nazo zilikuwa zikitoa insulini. Kipimo alichopewa kilikuwa kidogo makusudi, kwa kuwa lilikuwa jaribio la usalama, na mgonjwa huyo aliendelea kujidunga insulini yake kama kawaida.