Utumbo wa ng'ombe uliofika Wimbledon

WAKURYA wa Mkoa wa Mara walijua zamani kwamba ng'ombe ana zaidi ya nyama na maziwa. Litungu, ala yao ya nyuzi nane, lilifungwa kano za ng'ombe kabla nailoni haijaingia. Huko Ulaya nako wacheza tenisi walifanya jambo linalofanana na hilo: raketi zao za mbao zilisukwa kwa nyuzi za utumbo.

Kwa mfugaji wa Kabasa wilayani Bunda, au mwenye bucha wa Musoma na Butiama, habari za raketi kuukuu zinaweza kuonekana ni za watu wa klabu. Hata hivyo, ndani yake mna somo la biashara.

Mbao na vituko vyake

Raketi ya zamani ilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kuunganishwa kwa gundi. Mojawapo ya zilizovuma sana ni Dunlop Maxply, iliyoingia sokoni mwaka 1931. Raketi hizo zilikuwa nzito, nyingi zikiwa na gramu 370 hadi 400, na uso wake ulikuwa mdogo, wa inchi za mraba zipatazo 65. Mpira usipogonga katikati, mkono mzima ulitikisika.

Adui yake mkubwa alikuwa unyevu. Iliyoachwa kwenye kona ya nyumba wakati wa masika ilipinda na kuwa kama mwiko. Kwa hiyo, baada ya mchezo ilibanwa ndani ya fremu ya mbao yenye skurubu nne. Waliozitumia hawasahau kazi ya kufunga na kufungua skurubu hizo.

Mwaka 1967 ilikuja Wilson T2000 ya chuma. Mwaka 1976 Prince wakatoa raketi yenye uso wa inchi za mraba 110. John McEnroe wa Marekani alitwaa Wimbledon mwaka 1981 kwa Maxply, na Yannick Noah wa Ufaransa akashinda mashindano ya nchi yake mwaka 1983 kwa raketi ya mbao. Baada yake hakuna mwanamume aliyetwaa mojawapo ya mashindano manne makubwa kwa mbao.

Uzi ukabaki

Mbao ilikufa, lakini utumbo haukufa. Nyuzi hizo zilianza kutengenezwa na Pierre Babolat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1875. Zamani ulitumika utumbo wa kondoo, siku hizi ni wa ng'ombe. Roger Federer wa Uswisi alishinda mataji yake kwa raketi za kisasa, lakini nusu ya nyuzi zake zilikuwa za utumbo, kwa sababu unavutika vizuri na hauumizi mkono.

Uzi wa raketi moja una urefu wa mita 12 hivi, na huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa nailoni. Thamani hiyo haitoki kwenye utumbo mbichi. Inatoka kwenye kazi: utumbo huchukuliwa ukiwa bado mbichi kabisa, husafishwa, utando wake wa nje huchanwa kuwa riboni, husokotwa, hukaushwa ukiwa umevutwa, kisha husuguliwa na kupakwa kinga ya maji.

Pa kuanzia

Mara hakuna anayetupa utumbo ovyo. Supu inauzwa asubuhi, na kichuri kina wapenzi wake. Swali kwa mfanyabiashara ni kama kuna mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi.

Nyuzi za raketi si mahali pa kuanzia, kwani zinahitaji mitambo na ujuzi wa miaka mingi. Hatua iliyo karibu zaidi ni maganda ya soseji, ambayo nayo hutokana na utumbo uliosafishwa na kutiwa chumvi. Wenye bucha wanaoshirikiana machinjio moja wanaweza kuanza kwa kumtafuta mnunuzi kwanza, kujua anataka kipimo gani, na kumshirikisha mkaguzi wa nyama tangu mwanzo. Maji safi, chumvi ya kutosha na kazi ya haraka ndiyo mtaji wa kwanza, kwa sababu utumbo uliokaa juani mpaka mchana haurudi tena kuwa mali.

Waliong'ang'ania raketi za mbao walipoteza soko. Waliojua thamani ya utumbo waliufunga kwenye raketi mpya, wakaendelea kuuza.